“Enhe, ilikuwaje?” Mwongozo kamili wa kuieleza filamu uliyotoka kuitazama

Swali huja hata viatu hujavua: “Enhe, ilikuwaje?” Nawe umekaa saa mbili mbele ya skrini, umecheka, umeshtuka, pengine umefuta chozi gizani ukiomba jirani asione. Halafu kinachotoka mdomoni ni “kali sana” au “ya kawaida tu”. Aliyeuliza haambulii kitu. Hajui kama aitafute, hajui kama aitazame na mwanawe wa miaka minane, hajui hata kama inachekesha au inaliza.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mtazamaji wa kawaida, yule ambaye hakusomea sinema wala hana mpango wa kuisomea, lakini hapati usingizi mpaka amsimulie mtu alichokiona. Naamini jambo moja, na hatua zote zinalizunguka: hukumu yako haimsaidii sana mwenzako. Kinachomsaidia ni mambo mawili yakienda pamoja, yaani kilichokupata ulipokuwa unatazama, na kitu gani ndani ya filamu kilichokileta. Ukimpa hayo ataamua mwenyewe, hata kama ladha zenu ni mbingu na ardhi.

Hatua ya 1: Andika mistari mitatu kabla hujasoma ya wengine

Majina ya mwisho yanapopanda kwenye skrini, kabla hujafungua simu kuona wengine wamesemaje, andika mistari mitatu. Wa kwanza ni picha moja inayokujia bila kuitafuta. Wa pili ni mahali ulipochoka, ulipotazama saa au ulipoanza kuwaza mambo ya kesho. Wa tatu ni swali moja ulilobaki nalo. Andika popote, hata nyuma ya tiketi.

Mstari wa pili ndio watu huuruka, nao ndio wenye faida kuliko yote, maana kumbukumbu hutuficha mengi. Mwaka 1993 wanasaikolojia Barbara Fredrickson na Daniel Kahneman walichapisha utafiti ambamo watu walionyeshwa vipande vya filamu vya urefu tofauti, vingine vya kufurahisha na vingine vya kuchukiza. Walipotakiwa baadaye kusema vilikuwaje, urefu wa kipande ulihesabika kidogo mno. Kilichobaki kichwani kilikuwa zaidi ile dakika iliyowagusa kuliko zote na namna mambo yalivyoishia. Ndiyo maana filamu iliyokuchosha saa nzima unaweza kutoka unaisifu, mradi dakika kumi za mwisho zimekutikisa. Mimi mwenyewe niliwahi kuinadi filamu moja wiki nzima, mpaka siku nilipokuta kijikaratasi changu mfukoni: “dakika ya arobaini, nasinzia.” Rafiki niliyemshawishi aitazame alikuwa ameshalala dakika ya thelathini na tano.

Sababu ya kuandika kabla ya kusoma ya wengine ni rahisi. Ukishakutana na sentensi ya mtu mwenye kalamu nzuri, kesho yake utaikuta mdomoni mwako ukidhani uliizaa wewe.

Hatua ya 2: Taja uliitazamaje

Ubishi mwingi unaoitwa wa ladha ni wa watu wawili waliotazama vitu viwili tofauti. Hili nitalikalia kidogo, kwa sababu linapuuzwa mno.

Chukua picha. Kawaida filamu huonyeshwa kwa picha 24 kila sekunde, kiwango kilichoshika tangu sauti ilipoingia kwenye sinema mwishoni mwa miaka ya 1920. Televisheni nyingi za kisasa hutoka kiwandani zikiwa na kipengele kinachobuni picha za ziada na kuzichomeka katikati ya zile halisi ili mwendo uwe laini. Kwa mechi ya mpira, sawa. Kwa filamu, kila kitu huanza kuonekana kama igizo lililorekodiwa harakaharaka studio. Mwaka 2018 mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video fupi wakiwasihi watazamaji wakizime kipengele hicho. Basi kabla hujasema “picha zake zinaonekana za uongo”, ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta kinachohusu mwendo, kizime, kisha tazama tena dakika tano. Huenda lawama uliyoiandaa ikahamia kwenye televisheni yako.

Sauti nayo ina hila zake. “Hawaongei, wananong’ona tu, halafu mlipuko unaniamshia mtaa mzima.” Filamu ya ukumbini huchanganywa sauti ikitegemea spika zilizozunguka watu, na mara nyingi moja ya mbele hubeba mazungumzo. Televisheni nyembamba ina spika mbili ndogo, pengine zimeelekezwa chini au nyuma. Vaa vipokea sauti vya masikioni kabla hujamlaumu mwigizaji kwamba anatafuna maneno.

Kisha lugha. Ukitazama kwa maandishi ya tafsiri, kumbuka kwamba mfasiri hulazimika kufupisha, kwa kuwa nafasi kwenye skrini ni ndogo na macho yana picha ya kutazama pia. Mazungumzo unayoyaona makavu huenda yana utani ambao haukupata nafasi ya kuingia kwenye mstari. Na kama filamu imeingiziwa sauti ya lugha nyingine, usiseme lolote kuhusu sauti ya mwigizaji. Hukuisikia.

Tena kuna filamu zenye matoleo zaidi ya moja. Blade Runner ilipotoka 1982 ilikuwa na sauti ya mhusika mkuu akisimulia. Toleo la 1992 liliiondoa sauti hiyo na kubadili mwisho, na mwaka 2007 likaja jingine tena. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu mwisho wake na wote wakawa wanasema kweli.

Huhitaji aya nzima kueleza haya. “Niliitazama kwenye simu, safarini, kwa maandishi ya tafsiri” inatosha, na msikilizaji atajua apunguze wapi.

Hatua ya 3: Vuta “kwa sababu” mpaka itoke

Hapa ndipo kazi ilipo. Anza na hisia uliyonayo, jiulize ilikupata wapi hasa, kisha jiulize pale palifanywa nini. Maneno tunayoyatumia kila siku yameficha mambo mengi tofauti ndani yake, na ukiyapasua kidogo tu unapata maoni ya maana.

“Inachosha.” Hebu tulipasue hili. Pengine wahusika wanaelezana mambo ambayo wote wawili wanayajua tayari, ili tu mtazamaji asikie: “Kama unavyojua, kaka, baba yetu alifariki miaka mitano iliyopita.” Hiyo ni kazi ya mwandishi. Pengine jambo limekwisha lakini kamera haiondoki, watu wanatembea mpaka mlangoni, wanafungua, wanafunga. Hapo mtazame mhariri. Au hakuna mhusika anayetaka kitu chochote, kwa hiyo wewe huna cha kusubiri. Hayo ni magonjwa matatu, na anayependa filamu za polepole hatasumbuliwa na la pili hata kidogo. Ukimwambia ni lipi, umemfaa.

“Alicheza vizuri.” Sawa, lakini una hakika ni yeye? Kuna jaribio maarufu linalohusishwa na Lev Kuleshov, mwongozaji wa Kisovieti. Mwanafunzi wake Vsevolod Pudovkin alisimulia kwamba walichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso mtulivu usioonyesha chochote, wakaiunganisha na bakuli la supu, kisha na maiti ndani ya jeneza, kisha na mtoto anayechezea mwanasesere wa dubu. Watazamaji, kwa mujibu wake, walimsifu mwigizaji kwa kuzama kwake mawazoni mbele ya supu, kwa huzuni yake na kwa furaha yake. Uso ulikuwa uleule. Kwa hiyo ukitaka kumpima mwigizaji, usimwangalie anapolia. Mwangalie anaposikiliza, wakati mwenzake ndiye anayesema na kamera haijakatwa. Asiyejua kazi hapo huonekana kama anasubiri zamu yake ya kuongea.

“Imeniliza.” Rudi kwenye tukio hilo, zima sauti kabisa, litazame tena. Kama koo bado linabana, basi waigizaji na mpiga picha wamekufikia. Kama unaona watu wawili tu wamesimama uwanjani, aliyekuliza ni mtunzi wa muziki, na si aibu kusema hivyo. Jaribio hili huchukua dakika mbili, na sijaona darasa la bure lililo bora kuliko hilo.

“Haina uhalisia.” Hapa nina ugomvi na ndugu zangu wote. Kila filamu hujitungia sheria zake mapema, na kosa ni pale inapozivunja bila kutuandaa. Paka anayeongea hatusumbui. Kinachoudhi ni paka aliyeongea filamu nzima kukaa kimya katika dakika ile moja ambayo neno lake lingemaliza tatizo. Vivyo hivyo, risasi mia tatu zikimkwepa stelingi, hiyo ndiyo sheria ya nyumba ile na ulikubali ulipoketi. Lakini kama filamu ilitumia saa nzima kutuonyesha kwamba risasi moja inaua na kidonda kinauma siku nyingi, halafu mwishoni stelingi akakimbia na tatu mgongoni, lalamika kwa nguvu zote.

Kama baada ya yote haya “kwa sababu” haitoki, sema hivyo hivyo: “Iligoma kuniingia na sijui ni kwa nini.” Afadhali hiyo kuliko sababu ya kuazima.

Hatua ya 4: Usimmalizie mtu uhondo

Kanuni ninayoitumia: mambo ya robo ya kwanza ya filamu unaweza kuyataja, yanayofuata, uliza kwanza. Usitumie trela kama kipimo, maana trela nyingine ni filamu nzima iliyofupishwa.

Watengenezaji wenyewe wamekuwa wakilihangaikia jambo hili kwa miongo mingi. Filamu ya Kifaransa ya Henri-Georges Clouzot, Les Diaboliques ya 1955, inaishia na maandishi yanayowaomba watazamaji wasiwaambie rafiki zao walichokiona. Alfred Hitchcock alipotoa Psycho mwaka 1960 alitaka kumbi zisimwingize mtu yeyote baada ya filamu kuanza.

Kosa la wengi ni kudhani kwamba siri ni tukio lenyewe tu. Ukimwambia mtu “subiri mwisho, hutaamini”, umeshamwaga. Sasa ataketi akimshuku kila mhusika tangu dakika ya kwanza, na kule kushtuka kulikotengenezwa kwa uangalifu kutamkuta amejikinga. Badala yake eleza mwisho unamfanyia nini mtazamaji: unajibu maswali au unayaacha wazi, unatoka ukicheka au ukiwa kimya, una haraka au unatua taratibu. Hapo hujataja jina la mtu wala kifo.

Utasikia wanaosema utafiti umeonyesha kumwaga siri hakudhuru. Wanaukusudia utafiti wa Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, uliochapishwa 2011. Washiriki walisoma hadithi fupi, na waliojulishwa mwisho mapema walizifurahia zaidi kwa wastani. Vizuri, lakini hizo zilikuwa hadithi za kusoma, na wastani haumjui rafiki yako. Wapo wanaofungua ukurasa wa mwisho kwanza. Wapo watakaokununia mwezi mzima. Waulize.

Hatua ya 5: Nyota na asilimia

Namba ni ya kufungia maoni, haiwezi kuwa maoni. Hata zile kubwa za mtandaoni husomwa vibaya. Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, haisemi filamu ni nzuri kiasi gani. Inasema ni wahakiki wangapi katika kila mia walioipa maoni chanya, na kuanzia 60 filamu hupewa alama ya “Fresh”, yaani imepita. Wahakiki wote wakiona filamu “inafaa tu”, inapata 100. Saba kati ya kumi wakiiabudu na watatu wakiichukia, inapata 70, ingawa huenda hiyo ndiyo utakayoikumbuka uzeeni. Kampuni ya CinemaScore ya Marekani, kwa upande wake, huwauliza watazamaji wa usiku wa kwanza, watu ambao tayari waliitamani filamu, kwa hiyo alama yake hupima zaidi kama walipewa walichoahidiwa.

Mimi nina ngazi tatu tu: nitairudia, mara moja inatosha, nadai saa zangu mbili.

Hatua ya 6: Mjue unayemwambia

Muulize mwenzako filamu ya mwisho aliyoipenda, kisha uanzie hapo. Na katika kila pendekezo lako weka mtu mmoja ambaye filamu hiyo haimfai: asiyependa damu, anayechoshwa na nyimbo katikati ya mazungumzo, aliyefiwa karibuni. Maneno haya mepesi yana faida kuliko nusu ya sifa zako. Kama kuna tukio ambalo mtu atatamani ardhi impasukie akiwa ameketi na wazazi wake, mwonye, na mpe dakika yake ukiikumbuka.

Punguza pia chumvi. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na filamu iliyosifiwa mno hufika kwa mtazamaji ikiwa na deni. Ukiipenda kupita kiasi, taja tukio moja tu kisha nyamaza.

Na ile uliyoiacha katikati? Una haki ya kuizungumzia, mradi useme uliishia dakika ya ngapi. Usihukumu mwisho ambao hukuufikia.

Hatua ya 7: Kubishana bila kununiana

Mtu akiipinga filamu unayoipenda, swali la kwanza liwe: “Tukio gani?” Mkifika kwenye tukio moja mahususi, mara nyingi mtagundua mliona kitu kilekile na mkakipa uzito tofauti. Mmoja aliona baba katili, mwingine akaona baba mwenye hofu, na kamera iliwapa wote wawili ushahidi. Mkibaki kwenye “nzuri” na “mbaya” mtazunguka mpaka alfajiri.

Sentensi mbili ningezipiga marufuku kabisa. “Hukuielewa” ni tusi lililovaa suti. “Hayo ni maoni yako tu” hufunga mlango mtu akiwa bado anaongea. Kwani tulidhani ni maoni ya nani?

Ukijikuta peke yako upande mmoja, usihame haraka. The Shawshank Redemption ilipotoka 1994 kumbi hazikujaa. Iliwapata watu baadaye, kwa kanda za video na televisheni, na leo imekaa miaka mingi kileleni mwa orodha ya tovuti ya filamu ya IMDb, inayotokana na kura za watazamaji. Wachache walioitazama wiki ya kwanza wakaisifu hawakuwa wamekosea. Lakini wala usijifanye mpinzani kwa ajili ya sifa. Mtu anayechukia kila kinachopendwa hutabirika kama saa ya ukutani.

Unapobadili mawazo katikati ya ubishi, sema kwa sauti: “Hapo umenipata.” Huwa inamchanganya mpinzani vizuri sana.

Hatua ya 8: Iunganishe

Tuseme umetazama filamu ya ndugu wawili wanaosafiri kwenda kuuza gari la marehemu baba yao. Filamu hii nimeibuni, usiitafute. Maoni ya kawaida yangekuwa: “Nzuri, ila inachelewa kuanza. Mwisho mkali.” Sasa yapitishe kwenye hatua zote:

“Niliitazama usiku, kwa vipokea sauti na maandishi ya tafsiri. Ndugu wawili wanapeleka gari la baba yao kwa mnunuzi, na njia nzima hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kumtaja marehemu. Nusu saa ya mwanzo nilishika simu mara mbili, kwa sababu kila wanaposimama wanarudia ugomvi uleule. Halafu kuna usiku mmoja wanalala ndani ya gari: hakuna muziki, kamera imekaa kiti cha nyuma, tunaona visogo tu, na mdogo anaanza kuongea. Hapo nilisahau kupumua. Kama unakerwa na watu wasiosema wanachokiwaza, iache. Mtoto anaweza kuitazama ila atasinzia. Mwisho hauna kelele. Niliurudisha nyuma nikautazama tena. Nitairudia.”

Ni chini ya dakika moja ukiisema kwa mdomo. Mwisho haujatoboka, hakuna nyota hata moja, na asiyependa filamu za namna hiyo ameshajua asihangaike.

Chini yake weka tarehe. Ukiitazama tena miaka kadhaa baadaye, andika mapya bila kufuta ya zamani. Ninayo filamu moja niliyoitazama nikiwa na miaka kumi na tisa; maelezo yangu ya wakati ule yanasema baba wa kijana yule ni mkorofi asiye na sababu. Niliirudia mwaka jana. Maelezo mapya yanasema baba amechoka.